Madaraja ya rekodi juu ya maji ya Burundi

Mvua ikipiga Buyenzi, hapa Bujumbura, mto Ntahangwa hubadilika rangi kwa dakika chache. Maji huwa mekundu kama udongo wa vilima, hubeba matawi na chupa, hupita chini ya daraja na kuingia Ziwa Tanganyika. Wapita njia husimama kutazama. Nami husimama, kwa sababu najua maji hayo yanakoelekea.

Nchi yetu imekaa juu ya mgongo unaogawa maji ya Nile na ya Kongo. Yafuate pande zote mbili, na utapita chini ya madaraja makubwa kabisa ya ukanda huu.

Tuanzie upande wa Nile. Chemchemi ya Rutovu inaishia katika mto Ruvubu, na Ruvubu hukutana na Kagera karibu na Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania. Daraja la hapo ni fupi, lakini rekodi yake ni nzito kuliko zote: mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka kuingia Tanzania kwa muda wa saa 24 hivi. UNHCR ilisema haijapata kuona wakimbizi wengi namna hiyo wakivuka kwa kasi kiasi kile. Wengi wao walitembea kwa miguu, mizigo kichwani.

Kagera inamwaga maji yake Ziwa Victoria. Ng'ambo ya ziwa hilohilo, Mwanza, ndipo lilipo daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Lina urefu wa kilomita 3, na Afrika Mashariki hakuna lingine refu kama hilo. Waliowahi kupanga foleni ya kivuko pale wanajua thamani yake, kwani sasa gari linavuka kwa dakika chache tu.

Ziwa likitoa maji yake Jinja, mto Nile unapita kati ya miji miwili ya viwanda: Njeru yenye bia na nguo, na Jinja yenye chuma na mafuta ya kula. Tangu 1954 malori yalivuka juu ya bwawa la Owen Falls, ambalo leo ni Nalubaale, hadi daraja jipya la nyaya za chuma lilipofunguliwa Oktoba 2018. Daraja hilo lina mita 525. Daraja la Kigamboni, Dar es Salaam, linalizidi kwa urefu wote, mita 680, lakini nafasi kati ya nguzo zake kuu ni mita 200, na ya Jinja ni 290. Mimi naipa ushindi Jinja. Ugumu wa daraja uko pale ambapo hakuna nguzo ya kuliegemeza. Tena barabara hiyo inatuhusu: ndiyo iliyokuwa njia ya mizigo kutoka Mombasa kupitia Kampala na Kigali hadi hapa Bujumbura, kabla ya mpaka wa Burundi na Rwanda kufungwa mwaka 2024.

Tugeukie sasa maji ya Ntahangwa. Kutoka Tanganyika yanatokea Kalemie kwa mto Lukuga, yanaingia Lualaba, na karibu na bahari yanapita Matadi, mji wa bandari. Hapo mwaka 1983 Wakongo na Wajapani walikamilisha daraja la kuning'inia la chuma lenye urefu wa mita 722, na mita 520 katikati bila nguzo hata moja ndani ya mto. Lilibuniwa kwa ajili ya magari na treni. Reli ya kwenda Banana haikujengwa, kwa hiyo magari ndiyo yanayolitumia. Lilishika taji la daraja la kuning'inia lenye nafasi kubwa kuliko yote Afrika kwa miaka 35, mpaka Maputo ilipofungua la Katembe mwaka 2018 lenye mita 680.

Ukiniuliza lipi kubwa kati ya haya, nitakujibu Matadi. Rekodi imeondoka, lakini chuma kile bado kinabeba malori kila siku, na maji yaliyopita Buyenzi yanapita chini yake.