Kipimo Bapa cha Vito: Upana Unaposomwa Kama Uzito

Sonara aletewapo pete yenye almasi hawezi kuipima almasi hiyo kwa mizani bila ya kuing'oa. Kwa hiyo hutumia kipimo bapa, yaani kibati chembamba chenye matundu ya mviringo ya ukubwa mbalimbali, na kando ya kila tundu pameandikwa karati. Tundu linalolingana na ukingo wa jiwe ndilo linalomtajia uzito. Je, yawezekanaje upana ueleze uzito?

Karati 1 ni gramu 0.2. Almasi ya mviringo iliyochongwa kwa uwiano wa kawaida huwa na kipenyo cha mm 6.5 hivi iwapo uzito wake ni karati 1. Kwa mawe yenye umbo moja, uzito hufuata kipeo cha tatu cha kipenyo. Ndiyo maana karati 2 hazihitaji mm 13, bali 8.2 tu, nusu karati huhitaji 5.2, na robo 4.1. Kwa sababu hiyohiyo, kosa dogo hukua: anayesoma mm 6.3 badala ya 6.5 hupunguza uzito kwa asilimia 9.

Kasoro ya matundu ni kwamba jiwe laweza kuangukia baina ya saizi mbili. Dawa yake ni mwanya wa kabari. Kingo mbili zilizonyooka huanzia nukta moja, na baada ya mm 100 huachana kwa mm 10. Jiwe likisukumwa mpaka likwame, kila mm 1 ya mwendo wake ni mm 0.1 ya kipenyo. Katika mwanya huo karati ya kwanza huchukua mm 65. Ya pili huongeza mm 17 tu.

Hata hivyo, kibati huona upana, hakioni kina. Kwa almasi ya mviringo, kanuni itumikayo ni hii:

karati = kipenyo × kipenyo × kina × 0.0061

ambapo vipimo vyote ni vya milimita. Kipenyo cha mm 6.5 na kina cha mm 3.9 hutoa karati 1. Kina kikiwa mm 3.5, uzito hushuka hadi karati 0.90, ilhali kibati kingali kinasema 1. Mnunuzi aliyetegemea kibati pekee amelipia sehemu ya kumi ya jiwe lisilokuwapo.

Aina ya jiwe nayo yapasa kuangaliwa. Densiti ya almasi ni 3.52, ya tanzanaiti ya Mererani ni 3.35 hivi. Tanzanaiti yenye umbo na ukubwa uleule itakuwa nyepesi kwa asilimia 5 hivi, na alama za almasi zitaizidi mizani.

Wanafunzi waweza kukata kabari kama hiyo katika kadi ngumu, wapime misumari ya unene mbalimbali, kisha walinganishe na mikromita. Watajionea kwamba kipimo hakisemi kweli zaidi ya dhana alizozitia mbunifu wake.