Je, Wajua? Radi Ikipiga, Gofu Inasimama

Je, wajua kwamba mvua peke yake haimpi mchezaji wa gofu ruhusa ya kuacha kucheza? Hata inyeshe ile ya Novemba inayoujaza Mto Voi ghafla, mchezaji atalowa na kuendelea hadi waamuzi waseme basi. Akiondoka kwa hiari yake kwenye mashindano ya kulipwa, anafutwa.

Lakini sikia hili. Radi ni habari nyingine kabisa! Mchezaji akiamini kwa sababu ya maana kwamba radi inamkaribia, kanuni inamruhusu kusimama papo hapo bila kumngoja mtu yeyote. Anachodaiwa ni kuwaarifu waamuzi mapema iwezekanavyo.

Na king'ora kina lugha yake. Mlio mmoja mrefu: acha sasa hivi, hata kama umeshainua fimbo. Milio mitatu mfululizo: simama, ila mkiwa mmeshaanza shimo mnaweza kulimaliza. Milio miwili mifupi: rudini mchezoni. Kumbuka ule mmoja mrefu, maana ndio wa kuokoa roho.

Je, wajua kwamba Lee Trevino, bingwa wa Marekani, alipigwa na radi akiwa mashindanoni? Ilikuwa tarehe 27 Juni 1975, karibu na Chicago, kwenye mashindano ya Western Open. Mvua ilikuwa imesimamisha mchezo, na Trevino alikuwa ameketi kando ya maji, ameegemea mfuko wake wa fimbo. Radi ikapita, ikamwachia alama za moto begani na mgongo ulioharibika hata akahitaji upasuaji. Wenzake wawili, Jerry Heard na Bobby Nichols, nao walipigwa siku hiyohiyo na wote wakalazwa. Sasa shika kiti chako: mwaka 1984, miaka tisa baadaye, Trevino alishinda ubingwa mkubwa wa PGA akiwa na umri wa miaka 44!

Unadhani huo ni muujiza wa Marekani tu? Retief Goosen wa Afrika Kusini alipigwa na radi uwanjani akiwa kijana, nguo zikamwungulia mwilini. Aliinuka, akaendelea na gofu, akashinda US Open mwaka 2001. Akarudia mwaka 2004.

Wengine hawakuinuka, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mwezi Juni 1991, kwenye US Open uwanja wa Hazeltine, mashabiki 6 walijificha chini ya mti mmoja mvua ilipoanza. Radi ikapiga, mmoja akafa na watano wakaumia. Miezi miwili baadaye, kwenye PGA kule Indiana, shabiki mwingine akauawa na radi. John Daly, aliyeshinda mashindano hayo, alitoa dola 30,000 za ushindi wake kwa ajili ya masomo ya mabinti wa marehemu.

Wachezaji wana magari ya kuwakimbiza. Shabiki hana. Kedi aliyebeba mfuko mzito hana budi kumngoja bosi wake. Ndiyo maana nasema bila kupepesa macho: radi ikianza kuonekana, mchezo usimame, hata kama kiongozi amebakiza shimo moja na televisheni za dunia nzima zinatazama.

Tena usimame mapema. Mwaka 2019 huko Atlanta, kwenye Tour Championship, mchezo ulikuwa umeshasitishwa karibu nusu saa nzima radi ilipopiga mti wa msonobari. Mashabiki walikuwa bado wamejikinga karibu, na watu 6 wakajeruhiwa. Kesho yake Rory McIlroy akaondoka na dola milioni 15.

Je, wajua joto la radi? Linafika nyuzi 30,000 za Selsiasi. Uso wa jua wenyewe una kama 5,500 tu! Ndiyo, jirani yangu, umesoma sawasawa.

Sasa toka nje, utazame upande wa Mlima Sagalla siku ya mawingu. Ukiona mmweko, anza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Kila sekunde 3 ni kilomita 1, kwa sababu sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ngurumo ikikufikia kabla hujamaliza 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na hapo ingia ndani ya nyumba wala usibishane na mtu. Ngurumo ya mwisho ikishapita, ngoja dakika 30 ndipo utoke.

Usidanganywe na anga safi juu ya kichwa chako, maana radi inaweza kuruka kilomita 16 kutoka kwenye wingu lake na kupiga mahali penye jua. Na ile ndefu kuliko zote zilizopimwa, iliyomweka Marekani mwaka 2017, ilikuwa na urefu wa kilomita 829! Ingeanzia Mombasa, ikapita juu ya Voi na Nairobi, ingefika Busia na kuingia Uganda. Mmweko mmoja tu.

Wengi huamini chuma cha fimbo ndicho kinachoita radi. Kumbe hatari kubwa ni kuwa mrefu kuliko vyote mahali peupe, na mchezaji wa gofu anasimama hivyo karibu siku nzima. Uliza twiga: mwaka 2020 huko Afrika Kusini wawili walikufa baada ya dhoruba moja ya radi. Ukiwaona wale wa Tsavo wamesimama peke yao mbugani wingu likitanda, utaelewa.

Basi ukijificha chini ya mbuyu je? Hapana, hapana kabisa! Umeme hushuka kwenye shina kisha husambaa ardhini, ukapanda mguu mmoja na kushukia mwingine. Ng'ombe huumia zaidi kwa sababu miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, ndiyo maana kundi zima linaweza kulala chini kwa pigo moja. Matatu iliyofungwa madirisha ni kinga nzuri, na si kwa sababu ya matairi kama wengi wanavyosema. Mabati ya mwili wake ndiyo yanayoupitisha umeme nje yako. Kale kagari ka gofu kasiko na milango hakakusaidii lolote.

Je, wajua sehemu ya Afrika inayopigwa na radi kuliko zote? Ni Kabare, mashariki mwa Kongo. Setilaiti zilihesabu wastani wa mimweko 205 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Watu wa huko wanalima na kusomesha watoto chini ya anga hiyo, nami nawavulia kofia.

Turudi nyumbani. Kenya Open ilianza mwaka 1967, na mwaka 1978 aliyebeba kombe alikuwa Seve Ballesteros wa Uhispania, kijana wa miaka 20 tu. Tangu 2019 mashindano hayo yamo kwenye ratiba kuu ya Ulaya. Tazama na tarehe zake: mwaka 2024 na 2025 yalichezwa Februari, kabla masika hayajashuka Nairobi. Ukitaka kuikwepa mvua, icheze kalenda kwanza.

Kalenda ya Voi ina mambo yake. Hapa mvua za vuli, za Novemba na Desemba, ndizo tunazozitegemea zaidi kuliko za masika. Na je, wajua kwamba kutoka Voi mjini hadi kilele cha Vuria unapanda zaidi ya mita 1,600? Kilele hicho kina mita 2,208, na ukungu wake unaweza kukuficha mwenzako aliye hatua chache mbele wakati Voi watu wanatafuta kivuli. Mpira ungepotea hapo kabla haujatua.

Upepo nao si mchezo. Mwaka 2015 mashindano ya uwanja wa St Andrews, Scotland, yalisimama kwa zaidi ya saa 10 siku ya Jumamosi kwa sababu mipira ilikuwa ikisogea yenyewe kwenye nyasi. Zach Johnson alipata kombe lake Jumatatu! Mwaka 2012, kwenye mashindano makubwa ya wanawake ya Uingereza, upepo ulichacha hata alama zote za asubuhi ile zikafutwa kana kwamba hakuna aliyecheza. Jiyai Shin wa Korea Kusini hakutikisika, akashinda kwa mikwaju 9.

Pengine hali ya hewa ndiyo humtawaza bingwa. Februari 2024, Pebble Beach, California, dhoruba ilifuta raundi ya mwisho. Wyndham Clark, aliyekuwa amepiga mikwaju 60 siku iliyotangulia, akapewa kombe bila kugusa fimbo tena. Je, ungeona haki hapo? Mimi naona haki kamili, maana hakuna kombe la kuchezewa chini ya miti inayong'oka.

Nayo hung'oka kweli. Masters ya 2023, misonobari mitatu ilianguka karibu na mashabiki na hakuna aliyeguswa. Mchezo uliposimama Jumamosi, Brooks Koepka alikuwa mbele kwa mikwaju 4. Jumapili walimalizia mashimo 30 kwa siku moja, na Jon Rahm akashinda kwa mikwaju hiyohiyo 4!

Wale wa Taveta, hii ni yenu: hali ya hewa husimamisha hata vita. Mwezi Machi 1916, jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Smuts lilipigania vilima vya Latema na Reata, jirani kabisa na mji wenu, kisha likasonga hadi Kahe. Halafu masika yakashuka. Bunduki na mizinga ilikuwapo, lakini sehemu kubwa ya jeshi lile ililazimika kutulia Kilimanjaro hadi Mei, matope yakiwa yamemeza barabara.

Ya mwisho, kisha nikuachie nafasi kwenye benchi. Jinja, Uganda, mpira wako ukiangukia kwenye wayo wa kiboko, kanuni ya uwanja inakuruhusu kuuokota na kuuweka pengine bila adhabu. Kiboko mwenyewe akiwa bado yuko hapo, mwachie mpira.