Damu ya Mzazi Haikadiriwi kwa Macho

Juma lililopita tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba, hatukuenda nyumbani upesi. Mazungumzo yaliangukia mambo ya kuzaa. Tulikuwa kumi na moja, na tukijumlisha watoto wetu wanapita arobaini, kwa hiyo hadithi hazikukosa. Lakini moja ilitunyamazisha wote.

Wawili kati yetu walizaa katika maternite moja, mwaka mmoja, katika chumba kile kile. Wa kwanza alizaa mchana. Mtoto alipotoka tu, mkunga alimchoma sindano, akamkanda tumbo, akawa anarudi kila mara kumtazama. Wa pili alizaa usiku. Sindano haikuja. Aliposema damu inatoka nyingi, aliambiwa, "Ni kawaida, mama, tulia." Vitenge vitatu vililowa. Mama mkwe wake ndiye aliyepiga kelele kwenye koridoo mpaka watu wakaja. Aliongezwa damu alfajiri, na leo tunaye katika kikundi chetu, lakini tangu siku ile hataki kusikia habari ya mimba nyingine.

Jina la maternite ile hatutaliandika, na hatutafuti mtu wa kufukuzwa kazi. Mkunga wa usiku pengine alikuwa peke yake na wazazi watatu. Swali letu ni jingine: kwa nini mama mmoja apate huduma hii na mwenzake apate ile, kwa kuwa tu mmoja alizaa mchana na mwingine usiku?

Sisi tunaofundisha tunalijua jambo hili. Mpe mwalimu mmoja imla ya mtoto, ataandika 6 juu ya 10. Mpe mwingine karatasi ile ile, ataandika 8. Hakuna mwenye nia mbaya, ila hawakukubaliana mapema kosa lipi linahesabiwa. Wakikaa pamoja na kuandika namna moja ya kusahihisha, alama zinakaribiana. Lakini mtoto aliyeonewa katika imla atafanya nyingine Ijumaa.

Hapa komini Kenya hakuna mama anayenunua unga kwa kukadiria. Meka inajazwa mbele ya macho yako, na kama muuzaji anacheza na kidole ndani yake utamwambia. Lakini damu ya mzazi bado inakadiriwa kwa macho mahali pengi: kitenge kimelowa kidogo, kitenge kimelowa sana. Nyingine imeingia kwenye godoro, nyingine imechanganyika na maji. Mkunga mmoja ataona kidogo pale mwenzake anapoona nyingi. Waganga wanahesabu kwamba mzazi aliyepoteza mililita 500, yaani nusu lita tu, tayari amevuja damu kupita kiasi. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa hapa Kongo mwaka 2013 na 2014, walihesabiwa wamama 846 wanaokufa kwa mambo ya uzazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na kuvuja damu ni kati ya sababu kubwa za vifo hivyo.

Sasa habari njema, nayo inatoka Kenya, safari hii ile nchi, si komini yetu. Utafiti ulioitwa E-MOTIVE ulifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika ya Kusini, kwa wamama zaidi ya 200,000 waliozaa kwa njia ya kawaida. Matokeo yake yalitangazwa Mei 2023. Nusu ya hospitali ziliendelea na desturi zao. Nusu nyingine zilipewa namna moja ya kufanya kazi, ile ile kwa kila mama, mchana na usiku.

Mama akiisha kuzaa, chini yake inawekwa plastiki yenye mfuko na mistari ya kupimia. Damu inaingia mfukoni, na mkunga anasoma mstari kama tunavyosoma rula. Ikifika 500, haulizwi mtu anaonaje. Ikipita 300 na mama ana dalili mbaya, kama mapigo ya moyo kwenda mbio, pia hawangoji. Hapo mambo matano yanafanywa kwa pamoja: kukanda tumbo la uzazi, dawa ya kulikaza kama oksitosini, dawa ya asidi ya traneksamiki inayosaidia damu kuganda, serumu mshipani, na kumchunguza mama kujua damu inatoka wapi, na kuita msaada ikiwa haikomi. Zamani wengi walijaribu moja, wakangoja, ndipo wakajaribu la pili. Kungoja huko kunaua: ile dawa ya kugandisha damu inafaa ndani ya saa 3 tangu kuzaa, na kila dakika 15 za kuchelewa zinapunguza faida yake kwa karibu sehemu moja ya kumi.

Katika hospitali zilizobaki na desturi zao, kati ya wamama 100 waliovuja damu, walitambuliwa 51 tu. Katika zile zenye namna moja, walitambuliwa 93. Na wamama waliopoteza lita nzima au zaidi, au waliopasuliwa tumbo kwa ajili ya damu, au waliokufa kwayo, walikuwa 43 kwa kila 1,000 upande mmoja, na 16 upande wa pili. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa. Dawa zilikuwa zinajulikana. Kilichobadilika ni kupima, na kufanya yote, kwa kila mama.

Tusidanganyane kwamba karatasi inatosha. Huko Uttar Pradesh, India, nusu ya vituo 120 vya utafiti vilijaribu orodha ya mambo ya kufanya wakati wa kuzaa, na wakunga walipata mtu wa kuwaongoza. Matokeo yalitoka 2017: wakunga wenye orodha walifanya mengi vizuri zaidi kuliko wenzao, lakini vifo havikupungua. Hapa kwetu pia vituo vya afya vina ordinogramu, ile karatasi inayomwonyesha muuguzi afanye nini hatua kwa hatua. Tumeziona zimebandikwa ukutani, nyingine safi sana, kama kalenda isiyotazamwa na mtu.

Jumatano watatu kati yetu tulikwenda kumwona muuguzi mkubwa wa maternite moja ya karibu. Tulifikiri atatufukuza. Kumbe alituketisha, akatuonyesha friji. Oksitosini inataka kukaa kati ya digrii 2 na 8, akasema, na umeme ukikatika siku mbili hajui tena kama sindano anayochoma ina nguvu. Mama wa Jumatatu anapata dawa nzima, mama wa Alhamisi anapata labda maji. Hilo hatukuwa tumelifikiria hata kidogo. Plastiki zenye mistari hana. Alisema angepata hata beseni la kupimia na saa ya ukutani inayotembea, angeanza na hizo.

Kwa hiyo mama mwenye mimba katika kikundi chetu sasa anakwenda CPN na maswali yake: sindano ya baada ya kuzaa ipo, inakaa wapi, damu mnaipima namna gani, usiku kuna nani? Anauliza kwa heshima, na mume au mama mkwe akiwa karibu asikie jibu, maana yeye ndiye atakayekuwa kwenye koridoo.

CODESA ya aire yetu ya afya inakutana mwisho wa mwezi. Wengi wetu tulidhani ni mkutano wa wanaume wa kartie, lakini wakaaji wote wana haki ya kuwa na wajumbe pale. Tumechagua wawili wa kwenda, na mmoja ni yule aliyezaa usiku. Watapeleka habari ya friji kwanza, halafu beseni na saa. Atakayetaka kuwasindikiza atuambie Jumamosi, kabla hatujafunga hesabu ya likelemba.