Usiukate Kabla Haujatoa Ua



Mwezi huu nataka kuwaeleza habari za mti ambao hata sasa sijui jina lake.

Mzee mmoja, mkulima wa skimu ya makazi huko Kwale, alikuja hapa Karen kumtembelea binti yake. Akapita ofisini kwetu na tawi ndani ya mfuko wa plastiki. Mimi ni karani tu, na kazi yangu ni barua na mafaili. Lakini kwa kuwa nilisomea ualimu, watu hudhani najua majina ya vitu vyote. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia, akaketi, akafungua mfuko wake.

"Mwalimu," akasema, "mti huu uko mpakani mwa shamba langu, palipobaki kichaka. Majirani hawaujui. Marehemu mama alikuwa na jina lake, nami nimelisahau. Nataka kuukata nipande mihogo. Je, una faida?"

Nikalitazama tawi. Lilikuwa na majani matupu. Kwa haraka yangu nikamjibu, "Mzee wangu, mti usiojulikana na mtu haudhuru ukikatwa." Neno hilo nililijutia, na ndiyo sababu ninaandika.

MTI ULIOKATWA

Jumamosi nilichukua lile tawi nikapanda matatu ya Barabara ya Ngong hadi mjini, nikaenda kwenye Makumbusho ya Taifa. Hapo ndipo ilipo Hifadhi ya Mimea Mikavu ya Afrika Mashariki. Hifadhi hiyo ilianzishwa Amani, Tanganyika, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Leo ina vielelezo vipatavyo milioni moja, kila kimoja kimebandikwa juu ya karatasi yake.

Jibu nililopewa lilikuwa fupi: tawi halina ua wala tunda, basi hawawezi kusema ni mti gani. Huenda ni mti wa kawaida. Huenda si wa kawaida. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma, nikakuta habari ya mti uitwao Karomia gigas.

Mti huo ni wa ukoo mmoja na mrehani na msaji, lakini ni mrefu sana. Neno gigas maana yake ni jitu kubwa. Wataalamu waliuona mara ya kwanza mwaka 1977 katika pwani ya Kenya. Baada ya miaka michache ulikatwa, na watu wakadhani umekwisha duniani. Mwaka 1993 ukaonekana Tanzania, na mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakapata miti sita kusini mwa nchi hiyo. Mbegu zake ni shida kuota, kwa sababu matunda hushambuliwa na kuvu. Mwaka 2018 matunda maelfu yalipelekwa hata Marekani, kwenye bustani ya mimea ya Missouri, ili wajaribu kuotesha, na miche iliyopatikana ni michache mno.

Fikirini, ndugu zangu. Aliyekata ule mti wa Kenya hakuwa mtu mbaya. Yamkini alitaka mbao, au nafasi ya kulima, kama yule mzee wangu. Lakini kazi ya shoka ya asubuhi moja imewatesa wataalamu wa nchi mbili kwa miaka mingi.

MTI ULIOSALIMIKA

Sasa sikilizeni habari ya pili, ambayo ni ya furaha. Mwaka 2022 Martin Cheek na George Gosline wa Bustani ya Kew, London, walitangaza miti midogo miwili ya ukoo wa mtopetope na mstafeli. Haikuwa aina mpya tu, bali jamaa mpya kabisa, wakaiita Lukea kwa heshima ya Quentin Luke, mtaalamu wa mimea wa Kenya ambaye amezunguka misitu ya pwani kwa miaka mingi. Mmoja ni wa milima ya Udzungwa, Tanzania. Wa pili, Lukea quentinii, ni wa Kaya Ribe, katika Kilifi.

Kwa nini mti huo wa pili ulikuwa bado upo? Wazee wa Wamijikenda walikataza kukata miti ya kaya, kwa kuwa hapo ni mahali pa makaburi na pa maombi. Mashamba yalifyekwa pande zote, msitu wa kaya ukabaki. Mwaka 2008 kaya kadhaa, Ribe ikiwamo, ziliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Wazee hawakujua Kilatini, lakini bila amri yao mtaalamu asingekuwa na mti wa kuupa jina.

JINA HUTOLEWAJE?

Wengine hudhani mtu huingia msituni, akaona mti mgeni, akaupa jina siku hiyo hiyo. Sivyo. Kwanza hukatwa tawi dogo lenye majani, ua au tunda, likakaushwa kati ya karatasi. Kisha hulinganishwa na vielelezo vya zamani, Nairobi na ng'ambo, maana huenda mwingine aliuona mti huo miaka mia iliyopita. Wataalamu huhesabu sehemu za ua, hupima jani, hutazama manyoya madogo kwa kioo cha kukuzia. Wakihakikisha kwamba haufanani na mwingine, huandika maelezo yake na kuyachapisha. Kielelezo kimoja huwekwa kuwa shahidi wa jina hilo daima. Kazi hiyo yaweza kuchukua miaka mingi.

Jina lina maneno mawili, desturi iliyothibitishwa na Linnaeus wa Sweden mwaka 1753. La kwanza ni la jamaa zake, la pili ni lake mwenyewe. Wala msidhani majina yote hutoka Ulaya. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika hifadhi ile ya Nairobi, alitangaza jamaa mpya wa mimea ya pwani. Jina alilochagua ni Mkilua. Ndio mkilua ule ule ambao maua yake wanawake wa pwani hujipamba kwa sababu ya harufu nzuri. Kwa hiyo jina alilolijua mama wa mkulima si neno la kupuuzwa. Laweza kuingia katika vitabu vya dunia nzima.

MKULIMA APATA NINI?

Hilo ni swali la haki, maana msitu haulishi watoto siku ya njaa. Nitatoa mfano wa kahawa, zao lililolimwa zamani hata hapa Karen. Katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania kuna kahawa mwitu iliyopewa jina Coffea pseudozanguebariae mwaka 1982. Buni zake hazina kafeini, ile dawa iliyomo katika kahawa inayoondoa usingizi. Wataalamu wa kahawa wameuchunguza sana mti huo kwa sababu hiyo. Kabla haujapewa jina, mtu angeweza kuung'oa akidhani ni kijiti tu. Sisemi kila kichaka kina mali ndani yake. Nasema kwamba hatuwezi kujua thamani ya kitu tusichokitazama.

SHAURI KWA MWENYE SHAMBA

Ukikuta mti ambao wewe na jirani zako hamuujui, fanya hivi:

1. Usiukate. Ungoje mpaka utoe ua au tunda.

2. Kata tawi la urefu wa futi moja hivi, lenye majani na maua au matunda. Chukua matawi mawili au matatu yanayofanana.

3. Yalaze kati ya magazeti, uweke kitu kizito juu yake. Badilisha magazeti kila siku mpaka tawi likauke. Usitie katika mfuko wa plastiki, kwa maana litaoza.

4. Andika mahali, tarehe, urefu wa mti, rangi ya ua na harufu yake. Ua likikauka hupoteza rangi.

5. Waulize wazee jina lake na matumizi yake, uyaandike kama walivyotamka.

6. Piga picha kwa simu ukiweza. Picha husaidia, lakini haitoshi bila tawi.

7. Mpe afisa wa kilimo au wa misitu wa kwenu, aipeleke Makumbusho ya Taifa.

8. Fanya haya katika shamba lako mwenyewe. Usiingie msitu wa Serikali bila kibali, wala kaya bila ruhusa ya wazee.

Nilimpigia simu yule mzee nikamwomba radhi kwa neno langu la kwanza, nikamsomea mashauri haya moja moja. Alicheka, akasema, "Mwalimu naye hufundishwa." Baada ya mvua akanipigia yeye. Mti upo bado. Amepanda mihogo yake, akauachia nafasi ya hatua tano kila upande. Haujatoa ua. Jina la mama yake hajalikumbuka, lakini ana shangazi mkongwe huko Msambweni, naye atakwenda kumwuliza.

Ua likitoka nitawaandikia, hata kama tutaambiwa kwamba ni mti wa kawaida.