Picha Iliyopigwa Uani mwa Jela

Ukiitupia jicho mara moja, utadhani ni wazee wa kanisa waliotoka ibadani. Wanaume 20, weusi kwa weupe, wamesimama bega kwa bega katika makoti yao marefu, baadhi na kofia ndefu za heshima. Kumbe ni mahabusu. Picha ilipigwa Aprili 1859 kwenye ua wa jela ya Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani. Kosa lao: walimpokonya mtumwa mtoro kutoka mikononi mwa waliomkamata.

Mtoro huyo, John Price, alikimbia Kentucky akapata hifadhi katika mji wa Oberlin. Septemba 13, 1858, mvulana mmoja alitumwa kumlaghai kwa ahadi ya kibarua cha kuchimba viazi. Njiani Price akadakwa, akapelekwa mji jirani wa Wellington na kufungiwa hotelini kusubiri treni ya kusini. Habari zilipofika Oberlin, watu walimiminika Wellington, wakaingia hotelini, wakamtoa. Akafichwa kwa muda, kisha akavushwa hadi Kanada. Chini ya sheria ya watumwa watoro ya mwaka 1850, kumsaidia mtoro kungeweza kukuletea faini ya dola 1,000 na miezi sita jela. Watu 37 wakashtakiwa, ila waliohukumiwa ni wawili tu, Simeon Bushnell na Charles Langston.

Sasa irudie picha. Watu hawa walikataa dhamana. Wamo jela kwa kutaka wenyewe. Na kamera ya zama zile haikumnasa mtu kwa kumshtukiza. Lenzi ilibaki wazi kwa sekunde kadhaa, na aliyetikisika alitoka kama moshi. Kwa hiyo hakuna cha bahati hapa: koti limepigwa pasi, kofia imechaguliwa, uso umetulia. Serikali iliwaita wahalifu. Wao wakavaa kama waungwana na kumtazama mtazamaji usoni. Mimi naisoma picha hii kama utetezi wao, uliotolewa nje ya mahakama, mbele ya watu ambao jaji hakuweza kuwanyamazisha.

Jambo hilohilo limo katika picha ya zamani zaidi, ya Agosti 1850, wiki chache kabla ya sheria hiyo ya watoro kutiwa saini. Mkutano wa kuipinga ulifanyika Cazenovia, jimbo la New York, katika bustani ya miti ya matunda, na Ezra Greenleaf Weld akaupiga picha. Frederick Douglass, ambaye mwenyewe alitoroka utumwani mwaka 1838, ameketi mezani. Mary na Emily Edmonson, dada wawili waliojaribu kutoroka kwa jahazi la Pearl mwaka 1848, wapo karibu wakiwa wamejitanda shali. Nyuma ya Douglass amesimama mpinga utumwa Gerrit Smith, mkono ameunyoosha kama anayehutubia. Hotuba hiyo siiamini. Ili mkono ule uonekane vizuri hivyo, ilibidi Smith aushikilie hewani bila kutikisika hadi bamba liive. Bamba lenyewe ni la shaba iliyopakwa fedha, aina iitwayo dagerotipi. Haina negativu ya kusafishia nakala, na kwa kawaida hugeuza kushoto kuwa kulia kama kioo. Mtaalamu akitaka kuhakikisha, hutazama vifungo vya koti viko upande gani.

Lakini hawa ni wale waliotaka kuonekana. Harriet Tubman, naye aliyetoroka utumwani, alirudi Maryland mara kama 13 kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, akawatoa watu wapatao 70, na safari zile hazikuacha picha hata moja. Nani angeipiga, na kwa mwanga gani? Alisafiri usiku, na sura inayojulikana ilikuwa hatari kwake na kwa aliowaongoza. Picha yake ya ujana kuliko zote zinazojulikana ilikuwa ndani ya albamu ya rafiki yake, mwalimu Emily Howland, na iliingia mikononi mwa umma mwaka 2017. Tubman ameketi kitini, amevaa gauni la sketi pana, mkono umepumzika juu ya egemeo. Ni mwaka 1868 au 1869, huko Auburn, New York, na hakuna tena anayemwinda.