Kihisi kimoja kilivyoiangusha ndege ya Nairobi

WAFANYABIASHARA wengi wa ukanda huu wanaofuata mzigo Guangzhou au Dubai hupitia Addis Ababa. Ndiyo maana ajali ya Machi 10, 2019 haikuwa habari ya mbali kwao. Ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX 8, iliyokuwa ikienda Nairobi, ilianguka karibu na Bishoftu dakika sita tu baada ya kuruka. Watu wote 157 walikufa, 32 kati yao wakiwa Wakenya.

Chanzo chake kinaanzia kwenye hatari ambayo kila rubani hufundishwa kuikabili. Ndege hubebwa na hewa inayopita kwenye mabawa. Pua ikiinuliwa kupita kiasi, mabawa hupoteza nguvu ya kuibeba na ndege huporomoka, hata kama injini zinanguruma. Rubani hujiokoa kwa kushusha pua kwanza ili mabawa yashike hewa, ndipo apande tena.

Injini za MAX ni kubwa kuliko za 737 za zamani na zilisogezwa mbele, jambo lililofanya pua ielekee kuinuka zaidi ndege inapokuwa katika pembe kali. Boeing ikaweka mfumo wa kompyuta, MCAS, wa kuishusha pua bila kumsubiri rubani. Tatizo ni kwamba mfumo huo ulitegemea kihisi kimoja tu cha kupima pembe. Mwenye duka anajua hasara ya mizani moja mbovu isiyo na ya pili ya kuihakiki.

Siku hiyo kihisi cha kushoto kilionyesha zaidi ya nyuzi 70, cha kulia hakikuzidi 16. Mfumo ukaamini cha kushoto, ukaishusha pua ya ndege iliyokuwa ikipanda salama. Marubani walizima umeme wa mfumo huo, lakini kwa kasi ile gurudumu la kunyanyua pua kwa mkono lilikuwa zito mno.

Oktoba 29, 2018, MAX ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia kwa kasoro ileile na kuua watu 189. Hadi siku hiyo vitabu vya marubani havikueleza jinsi MCAS inavyofanya kazi. Waliotoka kwenye 737 za zamani walihamia MAX kwa somo fupi la kompyuta, kwa kuwa mafunzo kwenye mashine ya kuigiza urubani yangeongeza gharama kwa mashirika yanayonunua ndege.

MAX zilisimamishwa duniani kote. Marekani iliziruhusu tena Novemba 2020, na Ethiopian Airlines ikazirejesha Februari 2022. Sasa mfumo hulinganisha vihisi viwili, hauwezi kumshinda rubani nguvu, na kila rubani wa MAX lazima apite kwenye mashine ya mafunzo.

Mafunzo hayo yaliachwa ili kuokoa fedha. Waliolipa ni watu 346.