Unauimba kila Jumapili, lakini unajua ‘Way Maker’ ni wimbo wa nani?

Hebu jiulize: ule wimbo ‘Way Maker’ ambao timu ya sifa ya kanisa lenu haichoki kuuimba, ni wa nani? Ukijibu Michael W. Smith, wewe si wa kwanza. Kuna watakaokuapia kwamba ni wa bendi ya Leeland. Wote wamekosa. Ni wa dada Mnigeria anayeitwa Sinach, na ulitoka Desemba 30, 2015, siku ambayo wengi wetu tulikuwa ushago tukimalizia nyama ya Krismasi.

Tuseme ukweli, hiyo si tarehe ambayo prodyuza wako wa Nairobi angekushauri uachie kibao.

Jina lake la kuzaliwa ni Osinachi Kalu, mzaliwa wa jimbo la Ebonyi, kusini mashariki mwa Nigeria. Alisomea fizikia (ndiyo, fizikia) katika Chuo Kikuu cha Port Harcourt, na muziki akaukuzia kwenye kwaya ya kanisa la Christ Embassy. Kufikia 2015 hakuwa chipukizi. Alikuwa kiongozi wa sifa anayejulikana, na ‘I Know Who I Am’ ilikuwa imeshazunguka Afrika. Hata hivyo, ‘Way Maker’ haukulipuka duniani wiki ile ya kwanza. Uliimbwa Nigeria, ukavuka mipaka, ukatafsiriwa na watu ambao hawakuagizwa na yeyote, ukafika kwetu. Marekani walikuwa bado.

Mwaka wa 2019, yaani karibu miaka minne baadaye, ndipo Michael W. Smith na Leeland walipotoa matoleo yao. Redio za Kikristo kule zikaudaka. Kisha ikaja 2020. Unakumbuka Machi ile: kisa cha kwanza cha corona Kenya kikatangazwa tarehe 13, na muda si muda makanisa yakafungwa, ibada ikawa ni kutazama simu sebuleni ukiwa na pajama. Huko Marekani watu walikuwa wakiuimba wimbo huu nje ya hospitali. Baada ya George Floyd kuuawa Minneapolis mwezi Mei, ukasikika pia kwenye mikusanyiko ya waandamanaji. Mwezi huohuo Sinach akashika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya Billboard ya watunzi wa nyimbo za Kikristo. Oktoba, tuzo za Dove zikautaja kuwa Wimbo wa Mwaka. Wimbo wa 2015, huo!

Sasa angalia neno hilo: watunzi. Walioimba redioni walikuwa wengine, lakini jina lililopanda juu ya orodha lilikuwa la mtunzi. Hapa ndipo vijana wengi wa gospel huku kwetu huachwa na basi, kwa hivyo tuende polepole.

Wimbo una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na tuni, na kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa studioni. Leeland wakiurekodi upya, rekodi ni yao, utunzi unabaki wa Sinach. Wakati ule, kwa kila nakala ya wimbo iliyouzwa Marekani, sheria ilitenga senti 9.1 za dola kwa upande wa utunzi. Ni hela kidogo, mpaka uzizidishe. Isitoshe, kuna CCLI, shirika linalouzia makanisa leseni ya kuonyesha maneno ya nyimbo kwenye skrini. Makanisa huripoti yameimba nini, na wenye nyimbo wanalipwa. Mwaka wa 2020 ‘Way Maker’ uliongoza orodha yao ya Marekani. Kwa hivyo hata kanisa dogo la Texas ambalo halijawahi kusikia jina Sinach lingeweza kuwa linamlipa.

Rudi Nairobi. Wimbo wako umezaliwa keshani. Wewe umeleta ubeti, rafiki yako akaongeza kiitikio, mpiga kinanda akabadilisha tuni, prodyuza akatengeneza biti. Nani ana asilimia ngapi? Najua utasema hii ni huduma, si biashara, na kweli kuuliza swali hilo baada ya maombi kunaweza kukufanya uonekane mtu wa dunia. Uliza tu. Uliza siku hiyohiyo, wimbo ukiwa hauna thamani ya hata shilingi mia, andikeni kwenye karatasi na kila mmoja atie sahihi. Ukingoja hadi watu waanze kuuweka Skiza, mtakuwa mnaongea kupitia wakili.

Sheria ya Kenya haikudai mengi. Ukishauandika wimbo au kuurekodi, hata kwenye simu, hakimiliki ipo tayari, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuusajili kwa KECOBO si lazima, lakini siku ya ubishi ndio ushahidi utakaoutoa mfukoni.

Ila hakuna karatasi inayoweza kuufanya wimbo usio na waimbaji uimbwe. Sikiliza ‘Way Maker’ tena kwa masikio ya mtunzi. Ubeti unasema Mungu yupo hapa, halafu unajibu kwa kuabudu. Ubeti unaofuata unabadilisha maneno machache tu. Kiitikio ni majina ya Mungu yamepangwa moja baada ya jingine, hakuna hadithi ya kukariri. Tuni haipandi hadi mama wa viti vya nyuma akaze shingo. Mgeni aliyeingia akiwa amechelewa anaushika kabla haujaisha. Nyimbo nyingi mpya za huku kwetu, naomba msamaha mapema, zimetengenezwa ili mwimbaji mmoja aonyeshe sauti na wengine wote warekodi kwa simu.

Kwa hivyo kabla hujachanga pesa za video ya Naivasha, peleka wimbo kwenye mazoezi ya kwaya. Uimbe bila maikrofoni, na gitaa moja tu. Ukifika kiitikio cha pili, nyamaza usikie kama kuna anayeendelea.